Spika Iliyochanika

Umeme ulikatika Bondeni saa tatu usiku
na wewe, Ndesario, hukuacha kupiga.
Nyuzi kavu zikaparura kama kuku juu ya bati.
Watu wakacheka, kisha wakanyamaza,
maana mkono wako ulikuwa bado unakwenda
na uso wako ulikuwa wa mtu anayesikia kila kitu.

Mimi nilishika besi. Besi bila umeme ni ubao.
Nikaiweka chini, nikakumulikia tochi.
Miaka kumi na tisa ya bendi, mtu akiniuliza
nilifanya nini humo, nitamwambia hiyo:
nilishika tochi.

Baba yako alipuliza tuba usharikani Kirua,
Jumapili shaba ikimng'aa kifuani kama sinia.
Akakununulia tarumbeta. Ukaipokea kwa mikono miwili,
ukaisukuma uvunguni,
ukashuka mjini gereji kwa Kartar
kumwaga oili chafu kwa ujira wa nyuzi sita.
Gitaa ulilichonga kwa mringaringa,
kipande kilichobaki fundi alipomaliza
jeneza la mtu wa Uru.
Mama yako hakuligusa kamwe.

Na ile spika!
Ilitoka kwenye redio ya chama cha ushirika,
panya walishaila karatasi yake nusu.
Ulipochomeka waya ikatoka sauti
ya mashine ya kumenya kahawa iliyomeza kokoto.
Fundi Kileo akasema, niachie, nina gundi.
Ukasema, ukiigusa tutakosana.
Hivyo ndivyo roki ilivyoingia Moshi yetu,
si kwa ndege:
kwa meno ya panya.

Harusini shangazi za bibi harusi waliziba masikio.
Meneja wa ukumbi alikuja na kidole juu: punguza, punguza.
Ulipunguza kwa nyimbo mbili, ya tatu ukasahau.
Kule nyuma daima palikuwa na mmoja,
karani wa stesheni, au mwuguzi aliyetoka zamu,
aliyefumba macho na kutikisa kichwa
kama anayekubali deni.
Ulimpigia huyo.

Dar tulirekodi nyimbo tatu kwa siku moja, njaa tupu.
Redioni zilisikika mara moja,
baada ya bei ya kahawa.
Tulikuwa kumi na wanne chumbani kwako Njoro,
na solo yako ilipoanza kupanda, betri zikaanza kufa.
Ikashuka polepole, nzito, kama ng'ombe anayepiga magoti.
Ndeanasia, mkeo, akasema: hivyo ndivyo nzuri zaidi.
Hukuongea naye siku mbili.

Kisha Arusha. Hoteli. Shati la kitenge,
nyimbo za kuwakaribisha wageni,
sauti safi kama sahani zao.
Miezi kumi na mmoja.
Ukarudi Alhamisi moja na kiroba cha vitunguu,
bila shati, hukueleza kitu,
ukakaa barazani ukimenya.
Nilidhani ni vitunguu.

Sikio la kushoto lilitangulia kufa.
Ukawa unageuza kichwa kwa kila mtu
kama ndege, ukituangalia midomo.
La kulia lilikwenda nawe.

Tulikuzika kihambani, migomba ikidondosha maji ya jana.
Matarumbeta ya usharika yalikuja yote, wamenyoosha soksi,
wakapiga vizuri, vizuri sana,
kila noti imepigwa pasi.
Nilisimama pale nikitamani mmoja akosee.

Spika ninayo bado, kibandani kwangu Memorial,
kati ya feni na pasi za mkaa.
Juzi kijana ameichukua, ameingiza kidole kwenye tundu,
ameniuliza bei. Nikamtajia.
Akasema, mzee, lakini hii imechanika.
Nikamwambia ndiyo,
nikapandisha.